Kura hutafutwa palipo na mwenyekiti

Ukifungua manifesto ya chama chochote hapa Kenya utakuta kila mtu ametajwa: vijana, akina mama, wakulima, wazee, watu wenye ulemavu. Mimi kazi yangu ni kuchambua kampeni, na manifesto huisoma mwisho. Kwanza huitazama ratiba ya mgombea. Mahali anapopoteza saa mbili za siku yake, hapo ndipo chama kimeona kura.

Mara nyingi ratiba hiyo humpeleka kwa watu waliokwisha kujipanga wenyewe. Chukua steji ya bodaboda. Ina mwenyekiti, ina mweka hazina, ina mchango wa kumsaidia mwenzao akipata ajali. Mgombea akielewana na mwenyekiti, haichukui muda utaona riflekta mpya za rangi ya chama, na msafara ukiingia mjini pikipiki ndizo zinazotangulia, honi juu. Kisha riflekta hiyo inazunguka mitaa yote kutwa, mafuta yakilipwa na abiria. Bango gani la barabarani litashindana na hilo? Vyama vya akina mama navyo hupewa hema na viti. Zawadi hiyo imepigiwa hesabu: viti hukodishwa kwenye harusi na matanga, pesa zinaingia kwenye mfuko wa akina mama hao, na jina la mheshimiwa liko mgongoni mwa kila kiti.

Katika uchaguzi wa 2022 UDA, chama cha William Ruto, ilifanya jambo ambalo siasa zetu za makabila hazikulizoea. Ilimwita mpiga kura kwa kazi yake. Nembo ikawa wilbaro, kaulimbiu "Kazi ni Kazi", na mama mboga na mtu wa boda wakawa wahusika wakuu wa kila hotuba. Kabla ya hapo wilbaro, mikokoteni na mashine za kuosha magari zilikuwa zimegawiwa vikundi vya mitaani. Azimio, muungano wa Raila Odinga, nao walikuja na shilingi 6,000 kwa mwezi kwa familia maskini, ahadi nzito kwa mfuko, lakini familia maskini haina steji wala mwenyekiti wa kuibeba ahadi hiyo mlango kwa mlango.

Kabila, hata hivyo, halikuondoka. Katiba inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47, kwa hiyo hakuna anayeingia bila hesabu ya maeneo. Ndiyo maana pande zote mbili zilimtafuta mgombea mwenza katika eneo la Mlima Kenya, lenye kura nyingi: Rigathi Gachagua kwa Ruto, Martha Karua kwa Raila. Wengi walidhani Karua atavuta Mlima na akina mama kwa pamoja. Kaunti yake mwenyewe, Kirinyaga, ilikwenda kwa Ruto, tena kwa wingi. Mombasa nayo iliahidiwa na Ruto kurudishiwa shughuli za bandari, jambo linalomgusa dereva wa lori, wakala wa forodha na muuza chai wa Changamwe, na bado ikampa Raila. Mwishowe Ruto alipata asilimia 50.49 na Raila 48.85. Kwa pengo dogo hivyo, kila kikundi kinaweza kudai ndicho kilichomweka Ikulu, na vingi vinadai.

Sasa tuje kwa vijana. Hapa ndipo vyama vinaponichosha. Wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya daftari la wapiga kura la 2022, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko 2017. IEBC, tume ya uchaguzi, ilipofungua usajili Oktoba 2021 ililenga wapiga kura wapya milioni 6. Awamu hiyo ilipata takriban milioni 1.5. Vyama viliendelea kutafuta kijana mwenye pikipiki. Mwenye diploma, aliyeko nyumbani na simu yake, hakutafutwa na mtu.

Juni 2024 vijana hao waliitana mitandaoni dhidi ya Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, na tarehe 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, rais akakataa kuutia saini. Vyama vikaanza kuuliza kiongozi wao ni nani, aitwe mezani. Wao walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027 naziona kambi zote zikiajiri watu wa TikTok, na bado zinawauliza swali lile lile: mwenyekiti wenu nani?