Dipoziti yako na ukuta uliovimba: nani analipa ukihama?

Jamani masika yakimalizika tu simu zinaanza. Mpangaji kahama, mwenye nyumba kashika dipoziti, na sababu mara nyingi ni ukuta: umevimba, rangi inabanduka, chini karibu na sakafu kuna weupe wa ungaunga, basi anaambiwa umeniharibia nyumba yangu, pesa hupati. Mimi ni msaidizi wa sheria hapa mjini Unguja, mambo ya upangaji ndo yananipa kazi kubwa, kwa hiyo leo nataka niiseme hii ya ukuta kwa urefu.

Kwanza tuelewane, dipoziti ni pesa yako wewe mpangaji. Iko kwake kama dhamana tu, ukivunja kitu au ukiondoka na deni akate humo, inayobaki akurejeshee. Na msiniletee sheria za Bara, ardhi na nyumba si mambo ya Muungano, ile Sheria ya Ardhi ya 1999 watu wanayoisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp huku haifanyi kazi. Sie tunaanzia kwenye mkataba wenyewe, halafu Sheria ya Mikataba Sura ya 149, kizee hicho tokea 1917 na misingi yake imetoka India, nayo kwenye fidia inataka anaedai alipwe hasara aliyoipata kweli kwa sababu mwenzake kavunja makubaliano. Kwa hiyo "nyumba imechakaa" peke yake si hoja. Kipi kimeharibika, nani kakiharibu, kukitengeneza shilingi ngapi, risiti ya fundi iko wapi?

Sasa ukuta. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, zinavuta maji kutoka chini na kuyatoa taratibu kwa nje. Akija mtu akazipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu yake yale maji yanakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya ndani mpaka plasta inavimba na kuanguka. Mpangaji hapo kafanya nini? Angekaa mtu yeyote mle ukuta ungeanguka vilevile, hata nyumba ingekuwa tupu. Na si Mji Mkongwe tu, nyumba mpya za matofali ukijengea mchanga wenye chumvi au msingi usipozuiliwa unyevu utayaona hayohayo, na huko Mbweni na Chukwani upepo wa bahari unakula nondo za madirisha na esi ya nje utake usitake. Huko ni kuchakaa kwa kawaida, ni gharama ya mwenye mali, ndo maana anapokea kodi.

Lakini na nyie wapangaji msijifanye malaika. Mfereji wa jikoni unavuja miezi, sakafu inalowa, hujamwambia mtu, ukuta ukaoza, hapo una lako. Umetoboa ukuta kutundika tivii, umevunja sinki, marumaru imepasuka kwa friji uliloliburura, lipa. Hata hivyo hulipii kipya kwa cha zamani. Tuseme kupaka chumba ni laki nne na rangi ile kwa hali ya hewa yetu inaishi miaka minne, wewe umeikuta mpya ukakaa mitatu halafu watoto wakaichora yote, hasara yake ya kweli ni ule mwaka mmoja uliobaki, yaani laki moja. Wenye nyumba wengi hii hawaipendi, najua, lakini ndo haki.

Ushahidi unatengenezwa siku ya kuingia, siku ya kutoka umeshachelewa. Piga video chumba kwa chumba kabla hujaingiza hata godoro, mtumie mwenye nyumba hapohapo, mwambie na maneno, "ukuta wa chumba cha uwani nimeukuta umevimba". Ukipata unyevu katikati ya mkataba mwandikie tena, usimpigie simu tu maana simu haibaki. Na dipoziti unapoilipa dai karatasi inayosema DIPOZITI mbali na kodi, nimeona risiti moja imeandikwa jumla ya miezi saba na baadae mtu anaambiwa yote ilikuwa kodi.

Kuna mtindo wa mpangaji kutolipa mwezi wa mwisho, ati dipoziti itafidia. Kama hamjakubaliana kwa maandishi usifanye, unampa yeye sababu. Toa notisi kama mkataba unavyosema, lipa bili ya maji ya ZAWA, kagueni nyumba pamoja mbele ya shahidi, na ufunguo ukabidhi kwa saini. Uniti za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, zilizobaki kwenye mita zinabaki na nyumba, ongeeni mapema.

Akikataa bila maelezo mwandikie barua ya madai, taja kiasi na siku ya mwisho, kisha nendeni kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa shehia yenu, wengi wanalegea hapo kwa kuona haya. Isipotengemaa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 ipo kwa ajili ya wasio na uwezo wa kuweka wakili, na Kituo cha Huduma za Sheria kina ofisi Unguja na Chake Chake, chukua mkataba, risiti na zile video. Polisi msende, hili ni dai la pesa si jinai, mtakaa benchi asubuhi nzima halafu mtarudishwa.