Santuri za maktaba: fedha kidogo zianzie kwenye sindano

Maktaba yenye santuri na bajeti ndogo haihitaji kompyuta mpya ili kuhamishia muziki wake kwenye faili za kompyuta. Ile iliyopo, ikiweza kuendesha Audacity, programu ya bure ya kurekodi sauti, inatosha. Fedha ziende kwenye sindano, maana ndiyo inayogusa muziki wenyewe: iliyochakaa hukwangua mfereji wa santuri, na kilichokwanguliwa hakirudi tena. Tunasihi msitumie mashine za kuchezea santuri za bei rahisi za mkobani. Nyingi huikandamiza santuri kwa gramu 5 hivi, wakati LP, santuri ndefu ya kawaida ya plastiki, hutosheka na gramu 1.5 hadi 2.5.

Osha kabla ya kurekodi. Vumbi letu jekundu na kuvu ya msimu wa mvua hujificha mferejini, kisha husikika kama mibofyo. Changanya lita 1 ya maji yasiyo na chumvi na tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko, suuza, kausha. Lebo isilowe. Ukinunua maji ya betri kwa kazi hiyo, soma chupa vizuri, kwani nyingine ni asidi. Santuri za mizunguko 78, zile nzito zinazovunjika kama sahani, kwa kawaida ni za shelaki: spiriti huziyeyusha. Nazo zina sindano yake pana, takriban mikroni 75. Ile ya LP huzama chini ya mfereji na kuokota takataka.

Kati ya mashine na kompyuta weka priampu ya fono, kifaa kinachokuza sauti ya sindano na kurudisha besi. Bila hiyo sauti huwa hafifu na haina besi, kwa kuwa besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kuchonga santuri. Ukisikia mvumo, funga waya wa ardhi, kisha jaribu kuendesha laptopu kwa betri. Umeme ukikatika, rudia upande mzima, usiunge vipande.

Rekodi faili ya WAV, isiyobanwa, ya biti 24, kilohezi 96, vilele vya sauti visipite desibeli -6. Dakika 1 hula megabaiti 35 hivi, kwa hiyo LP 500 za dakika 40 huchukua karibu gigabaiti 700: nunua diski mbili za terabaiti 1, moja ikae jengo lingine. Nakala kuu isisafishwe kelele kwa programu. Safisha nakala ya wasikilizaji.

Kila faili ibebe namba ya lebo na ile iliyochongwa kwenye santuri karibu na lebo, upande A na B. Kumbuka Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006: kunakili ili kuhifadhi si ruhusa ya kupandisha nyimbo intaneti. Santuri zenyewe zirudi rafuni zikiwa zimesimama wima, mbali na jua la dirishani.