Presha ya chemba hutawaliwa pale hewa inapotokea

Karibu kila anayeniletea chemba ya kujaza hewa aliyojitengenezea (mfuko mkubwa wa kitambaa ambamo mtu hulala akizungukwa na hewa yenye presha) huuliza: kompresa niizime geji ikisoma ngapi? Jibu langu ni kwamba haizimwi maadamu kuna mtu ndani. Hewa iingie muda wote, presha uirekebishe kwa vali ya kutolea. Ukiibana kidogo inapanda, ukiilegeza inashuka.

Sababu ni pumzi. Mtu aliyejilaza tu hutoa takriban robo lita ya kabonidayoksaidi kwa dakika. Ili gesi hiyo isizidi nusu asilimia, lazima lita 50 hivi za hewa safi zipite kila dakika. Ziba kila tundu uone: sindano ya geji itatulia tuli, huku aliye ndani anaumwa kichwa, anahema, mwisho anazimia. Geji haiijui gesi hiyo. Hata mfuko wa Gamow, unaotumika milimani kwa wanaougua kwa sababu ya kimo, huendeshwa kwa kilopaskali (kipimo cha presha) 14 hivi tu juu ya presha ya nje, na anayepampu haachi kupampu.

Joto nalo halina huruma. Chemba iliyofungwa kwa kilopaskali 30 ikipata joto kutoka nyuzi 20 hadi 30, na kitambaa kisitanuke, itasoma karibu 34 na nusu bila kuongezwa hewa yoyote.

Na hizo 30 watu huzidharau, kwa kuwa tairi la gari hubeba zaidi ya 200. Lakini tairi ni jembamba. Chemba ya kipenyo cha sentimita 80 husukumwa kila mwisho kwa nguvu sawa na uzito wa tani moja na nusu. Mshono wa kwenda urefu ndio unaoumia zaidi: kila mita yake huvutwa kwa uzito wa kilo 1,200 hivi, mara mbili ya mshono wa kuzunguka. Mshono wa cherehani peke yake siuamini hapo, maana kila tundu la sindano ni mwanzo wa mpasuko.

Vali za usalama ziwe mbili, na kila moja iweze kutoa hewa yote ya kompresa ikiwa vali ya kutolea imeziba. Niliwahi kukagua chemba yenye vali moja tu, imefungwa chini ubavuni. Tulipoijaza bila mtu, godoro lilijisogeza likaikalia. Sindano ilipita alama nyekundu, vali kimya. Nilichomoa mpira wa kompresa kwa mkono. Tangu siku hiyo naziweka juu, mbali na kitu chochote kinachoweza kuzifunika.

Geji ya bei yoyote mimi naipima kwa maji. Mpira mwangavu uliokunjwa mfano wa U, tofauti ya mita tatu za maji, ni kilopaskali 29.4. Geji ikisema vingine, maji ndiyo yanayosema kweli.

Kushusha presha ni polepole, na aliye ndani asizuie pumzi hata kidogo: kutoka 30 hadi sifuri, hewa ya mapafuni hutanuka karibu theluthi moja. Oksijeni isiingizwe kabisa, kwani humo cheche ndogo ni moto.

Chemba ya kushonwa nyumbani mimi naijaza, naipima, naijifunzia. Mtu simlazi ndani yake.