Tokeni za wenye maduka wa Uingereza si sarafu bandia

Nimechoka kuletewa tokeni za karne ya 17, yaani vipande vidogo vya chuma ambavyo wenye maduka wa Uingereza walivitoa vitumike kama chenji, zimetiwa kwenye bahasha iliyoandikwa "bandia". Kabla ya kuandika neno hilo, isomeni tokeni yenyewe. Mghushi hujificha. Mwenye duka huyu kazungushia jina lake lote ukingoni, upande wa pili akaweka mji au mtaa wake, na katikati alama ya kazi yake: bonge la sukari lenye umbo la koni, mishumaa, au alama ya baa. Nyingine zinataja kabisa kwamba hii ni "nusu peni yake". Na ukikuta kichwa cha mfalme, usikimbilie kusema kaiga sarafu ya serikali. Mara nyingi ni kibao cha baa iliyoitwa "Kichwa cha Mfalme". Nyumba za London hazikuwa na namba, watu walielekezana kwa vibao.

Halafu zile herufi tatu za kwenye tokeni! Ya juu ni ya ukoo, ya chini kushoto ni jina la mume, ya chini kulia ni la mke. Ukiona B juu, I kushoto na M kulia, huenda ni John na Mary wa ukoo wa B, kwani I ilitumika pia mahali pa J. Anayezisoma kama majina matatu ya mwanamume mmoja anamfuta mke aliyesimama kaunta. Wajane wengi walitoa tokeni kwa majina yao wenyewe, na hao nao wanaandikwa "bwana fulani".

Sababu ya kuzitoa ilikuwa uhaba wa chenji. Peni ya fedha ilikuwa na uzito wa nusu gramu hivi. Robo peni ya fedha ingekuwa kama gamba la dagaa. Robo peni za shaba zilizotolewa kwa kibali cha mfalme kuanzia 1613 zilichukiwa na kughushiwa mno, Bunge likazifuta 1644. Anayetaka bandia za kweli azitafute huko. Kuanzia 1648 hivi wenye maduka wakaziba pengo.

Lakini vitabu vinavyosema walifanya hivyo kwa kuwahurumia wateja tu havinishawishi. Shaba iliyomo haikufikia thamani iliyoandikwa, na tofauti ilibaki kwa mwenye duka. Akifa au akifunga, aliyebaki na tokeni mfukoni alikula hasara. John Evelyn, aliyeishi enzi hizo, aliandika kwamba ni nadra zilivuka mtaa mmoja au miwili. Kwangu hizo ni ahadi za deni, na ahadi huweza kuvunjwa.

Mfalme Charles II alizipiga marufuku tokeni hizo Agosti 1672, alipokuwa na nusu na robo peni zake za shaba. Marufuku hiyo ndiyo inayowapotosha wengi. Kukatazwa si kughushiwa: mwenye duka alitoa deni kwa jina lake, na mteja alijua mlango wa kwenda kulidai.