Kocha mzuri si lazima awe alicheza Ligi Kuu

"Huyu atamfundisha nani, mwenyewe hakufika juu?" Kauli hii ni ya miaka mingi vijiweni, na inawaonea makocha wengi. Mtazame Leo Mazzone wa besiboli ya Marekani.

Alianza kama mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, katika ligi za chini mwaka 1967, na Ligi Kuu hakurusha hata mmoja. Lakini kuanzia 1990 hadi 2005 ndiye aliyewanoa warushaji wa timu ya Ligi Kuu ya Atlanta Braves. Kati ya 1991 na 1998, Tom Glavine, Greg Maddux na John Smoltz walitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, jumla ya mara 6 chini yake. Vipaji walikuwa navyo, hilo halina ubishi. Ila mtu aliyehangaika ligi za chini hulazimika kujua kwa nini mpira haukwenda alikotaka, na ujuzi huo hufundishika. Mazzone aliwataka warushe mazoezini mara 2 kati ya mechi na mechi, badala ya mara 1 iliyozoeleka, tena bila kutumia nguvu zote.

Mechi ikianza, alikaa benchi akijitikisa mbele na nyuma kama anayebembeleza mtoto, macho yote kwa mrushaji.