Degedege ni la spitali, na dhana nyengine tunazozisikia Pemba

"Hili si la spitali, dokta." Anayesema huwa ni bibi. Mama kanyamaza pembeni, baba yupo dago, kwenye kambi ya uvuvi. Mtoto kaletwa jioni, degedege lilimpanda alfajiri, na baina ya hapo kashafukizwa, kafunikwa kaniki, kanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani. Nikiuliza kwa nini hakuletwa mapema, jibu ni lile lile kutoka Micheweni hadi Mkoani: degedege halichomwi sindano, mtoto akichomwa anakufa.

Nimechoka nalo, kwa hiyo leo naanza nalo.

Dhana: Mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa

Naelewa lilikotoka. Mtoto hufikishwa siku ya tatu, hajitambui, sukari ya damu imeshuka, homa ya uti wa mgongo imeshampata barabara. Tunamchoma kwa sababu kwa hali ile hawezi kumeza. Saa moja baadaye anafariki. Mtaa mzima umeiona sindano, hakuna aliyezihesabu zile siku tatu. Na wale waliotibiwa saa ile ile degedege lilipoanza, leo wanakimbizana uwanjani na hakuna anayewasimulia, maana hapakuwa na msiba.

Degedege ni dalili. Ubongo wa mtoto mdogo, hasa wa miezi 6 hadi miaka 5, haustahimili homa kali. Mara nyingi mtukutiko hukata wenyewe kabla ya dakika 5, mtoto akaamka, akalia, akataka ziwa. Hapo ndipo mganga anapochukulia sifa: kafukiza, degedege likatoka. Lingetoka hata angekaa kimya. Tatizo ni wale wengine, ambao nyuma ya homa kuna malaria kali au homa ya uti wa mgongo, au sukari imeanguka kwa sababu mtoto hajala tangu jana. Kwa kuwatazama tu siwezi kuwatenganisha, na mganga pia hawezi. Ninachoweza ni kupima malaria, kupima sukari, kuangalia kama shingo imekakamaa, na ikibidi kumpeleka akatolewe maji ya uti wa mgongo yakapimwe. Ndiyo maana nawataka wote waje, hata aliyeamka akacheka.

Na hili ndilo ambalo bibi nikiwaambia hunitazama kana kwamba nawafanyia mzaha: dawa inayotumika sana kukata degedege, diazepamu, kwa mtoto aghalabu hatuichomi. Tunaiingiza kwa njia ya haja kubwa, kwa bomba lililotolewa sindano. Yaani sindano mnayoikimbia pengine wala haipo.

Likimpanda nyumbani, mlaze ubavu, mlegeze nguo, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole. Ulimi ukiumwa utapona, jino likivunjwa halipoi. Usimkandamize ili atulie. Kaniki na mafusho yaacheni kabisa. Huyu ana joto kupita kiasi na anahangaika kupata pumzi, nyinyi mnamfunika na kumtilia moshi! Kombe sina ugomvi nalo, ila aliyezimia hamezi. Kinachomiminwa mdomoni huingia mapafuni, kisha nikawa namtibu nimonia juu ya maradhi aliyokuja nayo. Msubirini aamke. Kisomo nacho hakikatazwi: maalimu apande gari, asome njiani.

Likizidi dakika 5, likirudi mara ya pili siku hiyo hiyo, likichukua upande mmoja wa mwili, au likikata na mtoto asiamke, hiyo ni safari ya spitali: Wete, Chake Chake, Abdalla Mzee ya Mkoani, ile iliyo karibu nanyi. Kituo cha afya kikiwa njiani piteni, apate dawa ya kwanza. Kikiwa kinyume na njia, pitilizeni.

Dhana: Kituo cha afya ni cha panadoli, ugonjwa wa kweli unavuka bahari

Mtu ana maumivu ya tumbo upande wa kulia chini, anatapika, ana homa. Anakaa siku mbili kungoja boti ya Unguja kwa kuwa shemeji yake wa Michenzani kamwambia hakuna kama Mnazi Mmoja, spitali kubwa ya huko. Kidole tumbo hakijui ratiba ya boti, kikipasuka usaha unatapakaa tumboni. Na bandarini pale pale Mkoani kuna Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa 2016, yenye chumba cha upasuaji. Madaktari wa Kichina wanakuja Zanzibar tangu 1964, wala si wageni tena. Mnazi Mmoja nendeni mkiandikiwa barua ya rufaa, mtapokewa na watu wanaojua mmekuja kwa lipi.

Upande wa pili, anayekunywa dawa za presha na hali yake imetulia, au mwenye kidonda cha kubadilishwa bendeji, anakwenda kukaa benchi la spitali kubwa tangu alfajiri hadi adhuhuri. Hiyo ni kazi ya kituo cha mtaani kwake.

Dhana: Homa ni malaria, duka la dawa linatosha

Ilikuwa hivyo zamani. Kwa miaka mingi sasa vipimo vya watu Zanzibar vinaonesha wenye vimelea vya malaria ni chini ya mmoja kwa kila mia. Homa yako ina uwezekano mkubwa kuwa kitu chengine, na dozi ya dukani haitakigusa. Kipimo ni tone moja la damu ya kidoleni, majibu ndani ya nusu saa, na kituo cha serikali hakikutozi kitu. Kuna jengine ambalo muuza dawa hawezi kukufanyia: ukikutwa na malaria kituoni, taarifa inapelekwa, na ofisa wa malaria wa wilaya anakuja nyumbani kuwapima unaoishi nao. Ukijinunulia dawa kimya kimya, mwenzako wa kitanda cha pili anabaki na vimelea vyake na mbu wanaendelea kuvisambaza.

Dhana: Aliyeanguka mkarafuu ni wa fundi wa kuunga mifupa

Kila msimu. Kwanza, asinyanyuliwe na watu wawili, mmoja kwapani mmoja miguuni. Akiwa kavunjika uti wa mgongo, ndivyo mnavyomlemaza. Mlazeni juu ya mlango au ubao, shingo isicheze. Pili, gango, yaani vijiti vya kufungia mfupa, likikazwa sana linazuia damu. Vidole vikiwa baridi, vimepoteza hisia au vinageuka rangi, fungueni saa ile ile na mje. Mkono uliooza hatuna dawa yake zaidi ya kuukata. Kukanda kwa mafuta baada ya kupigwa picha na kufungwa vizuri, hilo zungumzeni na fundi wenu.

Dhana: Nimezaa sita nyumbani, huyu wa saba anaijua njia

Anaijua, wala simhofii yeye. Nahofia mfuko wa uzazi, ambao baada ya mimba nyingi huchelewa kujikaza mtoto akishatoka, na damu haisimami. Mama mzima wa afya anaweza kumalizika kwa damu ndani ya saa mbili, wakati gari bado inatafutwa. Kwa hiyo wa saba ndiye nisiyemtaka azaliwe nyumbani, na hata kituo kidogo kwangu hakitoshi. Azaliwe penye chumba cha upasuaji na benki ya damu. Mwenye gari mtaani akubaliwe naye tangu mimba ina miezi minane, namba yake iandikwe nyuma ya kadi ya kliniki. Na katika watakaomsindikiza wawepo wawili walio tayari kutoa damu. Wengine wabaki nyumbani, wodi ni ndogo.