Mkono wa bandia haunyanyui gari

Filamu zimetuzoesha kuamini kwamba mwenye mkono wa mashine anaweza kunyanyua gari. Hawezi, hata mota iwe na nguvu kiasi gani. Mzigo hauishii mkononi: hupitia soketi, yaani kikombe cha mkono huo kinachovalishwa kwenye kigutu, ukafika begani na kwenye uti wa mgongo, na huko bado ni nyama na mifupa.

Tatizo kubwa la kila siku ni mawasiliano kati ya mwili na mkono huo. Kwa kawaida vihisio 2 vinavyogusa ngozi husoma umeme wa misuli, milivolti chache tu. Msuli mmoja ukikazwa vidole hufumba. Wa pili ukikazwa, hufumbua. Jasho likizidi au soketi ikihama kidogo, ishara huvurugika na kitu huponyoka. Tena mikono mingi ya bandia haina hisia ya mguso, hivyo mvaaji hulazimika kuitazama glasi aliyoshika asije akaivunja.